Vidole Vyangu Hufa Ganzi Juu ya Skuta

SWALI

Ami mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni kijana wa Shela, hapa Malindi, na nina umri wa miaka 29. Kwa miaka sita niliendesha bodaboda, nikibeba abiria kati ya mjini, Mambrui na Gede, na mara nyingine nikifika hadi Lango Baya, kwa hivyo siwezi kusema kwamba pikipiki ni kitu kigeni kwangu. Dada yangu aliyeolewa Torino, kaskazini mwa Italia, alinishughulikia makaratasi nikaenda kuishi huko kihalali, na kwa kuwa Kiitaliano cha ufuoni, cha kuongea na watalii, nilikuwa nacho tangu utotoni, sikukawia kupata kazi ya kupeleka chakula majumbani kwa skuta ya cc 125. Kazi huanza saa kumi na mbili jioni na kumalizika saa sita za usiku, siku sita kwa wiki.

Baridi ndiyo iliyonishinda. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi Februari, haipiti robo saa tangu nitoke kabla ya vidole vya mikono kuanza kuuma, na baada ya hapo huwa sivihisi tena. Nilinunua glavu nene kuliko zote nilizoziona dukani, na zilipokosa kufaa nikavaa nyingine za pamba ndani yake, mpaka mkono ukawa umebanwa kama samaki ndani ya kopo, lakini hali haikubadilika. Miguuni nilivaa soksi jozi tatu ndani ya buti zangu zile zile. Juu nilikuwa na koti la kazini tulilopewa. Ugumu mwingine ni kwamba kila agizo linapoingia sina budi kuvua glavu ili niguse simu, kisha nikifika kwa mteja mara nyingi ni ghorofa ya nne au ya tano isiyo na lifti, nami hupanda mbio, nikarudi chini nikiwa nimelowa jasho. Wakati wa Isha hutawadha kwa maji ya bomba katika choo cha mkahawa, kisha huingia tena barabarani.

Mambo mawili yalinitia hofu. La kwanza ni kwamba usiku mmoja wa Januari nilibana breki na mkono haukutii, nikamgonga kwa nyuma mwenye gari aliyekuwa amesimama kwenye taa. Hakuna aliyeumia, ila nililipa. La pili ni kwamba vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete, hupauka hadi kwenye kiungo cha pili. Kucha na upande wa kiganja huwa kama chaki, na mpaka wake waonekana wazi kana kwamba umechorwa. Nikiingia ndani huanza kurudi kwa maumivu ya kunitoa machozi. Vidole vya miguu navyo vilivimba, vikawa vyekundu na kuwasha kwa muda wa wiki mbili.

Wenzangu kazini hunishauri nivute sigara na kunywa kahawa kali. Rafiki mmoja wa kutoka huku kwetu anasema dawa ni miraa. Mama naye, niliporudi likizo mwezi huu wa Agosti, amenitengenezea chupa ya mafuta ya nazi yaliyochanganywa na karafuu na pilipili, nipake kabla ya kutoka. Nitarejea Torino mwisho wa Septemba. Naomba unieleze ninunue glavu za aina gani, na kama huu ni ugonjwa, na kama yanipasa kuiacha kazi hii.

Ni mimi, Msafiri wa Shela.

JIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa majira saba ya baridi mjini Birmingham nikipeleka bahasha kwa pikipiki kabla sijarudi kuzeekea hapa, na kila ulilolitaja nimelionja isipokuwa vile vidole viwili, ambavyo nitavirudia kwa sababu ndivyo vinavyonishughulisha kuliko yote. Nililoliona mara ya pili ni hili: umeandika maneno mengi kuhusu glavu na soksi, lakini kifua, shingo na tumbo umevitengea sentensi moja fupi, kwamba ulivaa koti la kazini ulilopewa. Kosa lako limekaa hapo, nalo ni kosa nililolifanya mimi pia kwa majira mawili mazima.

Unajua jinsi maji yanavyopungua mtaani kwetu: mfereji wa nyumba ya mwisho ndio unaokauka kwanza, na hata ukiufunika kwa mablanketi kumi hautatoa tone. Vidole ni mifereji ya mwisho. Havina misuli ya maana ya kuzalisha joto, bali hupashwa na damu inayotoka kifuani, na mwili unapohisi kwamba kiwiliwili kinapoteza joto huibana mishipa midogo ya mikono na miguu ili damu yenye joto ibaki kwenye moyo, mapafu na ini, ambavyo ni lazima vikae karibu na digrii 37. Glavu haitengenezi joto; huhifadhi tu lile lililoletwa. Damu isipofika, glavu nene ni kasha tupu, na glavu nene inayobana ni mbaya kuliko nyembamba iliyolegea, kwa kuwa huifunga hata ile damu kidogo iliyokuwa njiani na kuibana hewa ambayo ndiyo kinga yenyewe. Soksi jozi tatu ndani ya buti zilizonunuliwa kwa jozi moja zimefanya kazi hiyo hiyo ya kuunyonga mguu.

Adui wa pili ni upepo, na hapa bodaboda wa Malindi hudanganyika, kwa sababu kwetu upepo ni rafiki. Anayevuka daraja la Sabaki alfajiri ya Julai, kusi ikivuma, huona baridi kidogo na kufunga zipu, basi. Huko uliko mambo ni mengine kabisa. Kwa kanuni ambayo Kanada na Marekani zinaitumia tangu 2001 kupima makali ya upepo wa baridi, hewa ya digrii 5 ikimpiga mtu kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kama hewa ya karibu digrii 1 chini ya sifuri, na hewa ya digrii sifuri kwa kasi hiyo hiyo huwa kama digrii 8 chini ya sifuri. Upepo huo unautengeneza wewe mwenyewe kwa kwenda mbio, hata usiku ambao jani halitikisiki.

Kwa hiyo anza katikati uje nje. Ndani kabisa vaa fulana nyembamba ya mikono mirefu, ya sufu au ya kitambaa cha michezo kisichoshika maji, kisha sweta ya sufu, kisha koti lisilopitisha upepo wala mvua, lenye ukosi wa juu na mikono inayofungika vizuri. Shingoni usiende wazi hata siku moja, maana hapo damu nyingi hupita karibu na ngozi. Lakini usitumie kikoi, ingawa najua utatamani kukivaa kwa ajili ya kumbukumbu ya nyumbani. Kikoi ni pamba, na pamba ikishalowa pumzi na jasho hung'ang'ania unyevu na kukuganda shingoni. Sufu hubaki na joto hata ikiwa na unyevunyevu. Vifundo vya mikono ni mlango mwingine unaosahauliwa: kipande cha soksi ya sufu kilichokatwa kisigino, ukakivuta mpaka katikati ya kiganja, hufanya kazi kubwa kuliko bei yake. Na usiku ambao baridi imekuzidi ghafla, karatasi za gazeti zilizokunjwa na kutiwa kifuani chini ya koti husaidia kweli. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Ulaya wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi wanapoteremka milimani, wala si hadithi.

Sasa nikuambie jambo ambalo vijana wengi wanaosafiri hawalifikirii. Vitu hivi usivinunue Torino. Nenda kwenye mitumba hapa hapa Malindi, au ukipata nafasi ufike soko la Kongowea kule Mombasa, uwaulize wauzaji nguo za baridi ambazo hazipati wanunuzi. Sweta za sufu safi, soksi ndefu za kuteleza kwenye theluji, suruali za ndani za kubana, vyote hivyo huja ndani ya marobota kutoka Ulaya na kulala chini ya rundo kwa sababu hakuna mtu wa Pwani anayevihitaji, na muuzaji hufurahi kuviondoa. Soma kitambulisho kilichoshonwa ndani ya ukosi uhakikishe ni sufu na si nailoni iliyochakaa. Mke wangu hunicheka mpaka leo kwamba nilipanda ndege kwenda Uingereza kwa mara ya pili nikiwa na nguo za Uingereza.

Glavu sasa. Swali lako la kwanza nimeliweka nyuma kwa makusudi, kwa sababu kabla ya glavu kuna kitu kingine. Ukitazama skuta za wenyeji wa Torino utaona nyingi zimevishwa mifuko mikubwa kwenye vishikio vya usukani, ambayo wao huiita moffole au coprimanopole; mkono huingia ndani ya mfuko na kushika kishikio na breki, upepo ukabaki nje. Vijana huona haya kuitumia kwa sababu huifanya skuta ionekane ya babu. Mimi naiona kuwa ndiyo nunuo la kwanza, kabla ya glavu za bei yoyote, kwa kuwa inaondoa upepo wote nawe unabaki na glavu nyepesi ambayo ndani yake vidole vinaweza kucheza. Chagua iliyo ngumu kiasi, isiyoporomoka, na ukishaifunga hakikisha kwamba kitambaa hakiegemei mkono wa breki unapokwenda kasi, maana upepo unaweza kukisukuma kikaibana breki bila wewe kujua. Jizoeze pia kuingiza na kutoa mkono skuta ikiwa imesimama, mpaka uweze bila kutazama.

Pamoja na mifuko hiyo, vishikio vinavyopashwa joto kwa umeme ni nyongeza nzuri. Peke yake kishikio cha moto huchoma kiganja huku mgongo wa mkono ukiganda. Ndani ya mfuko, joto lake hubaki. Fundi afunge waya wake upitie swichi ya ufunguo na uwe na fyuzi yake, ili betri isinyonywe skuta ikiwa imezimwa, na usiongeze vitu vingine vya umeme juu yake bila kumuuliza, kwani skuta ndogo haizalishi umeme mwingi.

Ndani ya mifuko vaa glavu mbili zinazofanya kazi mbalimbali: ya ndani nyembamba sana, ya hariri au sufu laini, na ya nje isiyopitisha maji, kubwa kwa namba moja kuliko unayovaa kwa kawaida. Ipime kwa kukunja ngumi: ukihisi ncha za vidole zinagusa mwisho, hiyo si yako. Na ile ya ndani itafute yenye ncha zinazofanya kazi kwenye kioo cha simu, kwa sababu katika barua yako yote, baada ya koti, hilo la simu ndilo lililonikera zaidi. Maagizo yakiwa kumi na tano kwa usiku, unautoa mkono mtupu nje mara thelathini au zaidi, na kila mara ngozi yenye jasho la glavu inapigwa na hewa ya chini ya sifuri, kisha unairudisha ndani ikiwa na unyevu. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Kuanzia mwaka huu mkono wako usitoke mtupu nje ya mlango. Glavu ya nje ivuliwe, ya ndani ibaki. Na jozi moja ya akiba ya zile za ndani iwe kifuani chini ya koti, si kwenye sanduku la chakula, ili ukiivaa iwe na joto.

Sina haja ya kukuambia kwamba skuta yako si pikipiki ya Boxer. Kwenye Boxer una breki ya mguu. Kwenye skuta breki zote mbili zi mikononi, kwa hivyo aliyekufa ganzi mikono hana breki, kama yalivyokukuta kwenye taa. Kuna kipimo ambacho nilikitumia kila niliposimama: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Ukishindwa, au vikigusana bila wewe kuhisi, usiondoke hapo. Zungusha mikono yote miwili kwa duara kubwa, kama kinu cha upepo, mara ishirini au thelathini, damu isukumwe hadi kwenye ncha, kisha iweke kwapani chini ya koti. Agizo lichelewe.

Usiweke mikono kwenye ekzosi wala kwenye injini. Nasema hivyo kwa sababu nilifanya, na ngozi iliyokufa ganzi haikuniambia kwamba inaungua mpaka niliposikia harufu ya glavu. Vivyo hivyo ukifika nyumbani usitie mikono kwenye maji ya moto. Tumia maji ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama mama anavyoyapima maji ya kumwogesha mtoto, kwa kuwa kiganja chako wakati huo ni shahidi wa uongo. Kidole kikiwa kigumu kama nta, hakina hisia hata baada ya kupata joto, au kimetoa malengelenge, usikisugue. Hilo ni la hospitali usiku huo huo.

Miguu ni rahisi kidogo, ila jasho ndilo linaloiharibu. Buti ziwe kubwa kwa namba moja, zipande juu ya kifundo, zisipitishe maji, na ndani yake vaa soksi moja nene ya sufu, au mbili ikiwa vidole bado vinaweza kujikunja na kujikunjua. Kata vipande vya mkeka mwembamba wa sponji uvitandike chini ya nyayo, kwa sababu baridi nyingi huingia kutoka chini unaposimama juu ya mawe ukisubiri chakula kiive. Magotini na mapajani weka ile blanketi ya skuta isiyopitisha maji ambayo Waitaliano huiita coprigambe. Nayo haina sura ya ujana, lakini ukishaizoea utashangaa uliishije bila hiyo. Kuhusu ngazi za ghorofa ya tano, usipande mbio. Fungua zipu ya koti kabla hujaanza kupanda, uifunge kabla hujatoka nje, na katikati ya zamu, saa tatu hivi, badilisha soksi. Jozi kavu saa tatu hufaa kuliko jozi tatu tangu jioni.

Na udhu. Najua wapo watakaoona ajabu kulikuta jambo hili katika safu ya pikipiki, lakini kijana anayetia miguu kwenye maji ya bomba wakati wa Isha na kuirudisha ndani ya soksi akiwa nusu mkavu hawezi kupona kwa buti za aina yoyote. Dini yetu imekurahisishia: ukivaa khofu, yaani viatu au soksi za ngozi, zinazofunika vifundo ukiwa na udhu kamili, unaweza kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, kwa muda wa mchana na usiku wake kwa mkazi, na siku tatu kwa msafiri. Kwa kuwa sisi wa Pwani ni wa madhehebu ya Shafii na masharti yake ni ya kuangaliwa, muulize sheikh wako kabla hujaondoka kama buti ulizozinunua zinatosheleza. Tawadha nyumbani kwa maji ya uvuguvugu kabla ya zamu, vaa buti, na mikono uikaushe kwa taulo dogo, baina ya kidole na kidole. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuangukia Februari, na mwili wenye njaa hauna kuni. Futari usiile ukiwa juu ya skuta, na daku usiikose.

Vidole vya miguu vilivyovimba na kuwasha ni vile ambavyo Waitaliano huviita geloni. Huletwa na baridi ya unyevunyevu na kuzidishwa na tabia ya kuisogeza miguu karibu na hita mara tu unapoingia ndani. Kwa kawaida hupoa vyenyewe baada ya wiki mbili au tatu, mradi usivikune mpaka vikachubuka. Pasha joto taratibu.

Vile vidole viwili vya mkono wa kulia ni suala jingine. Kupauka kwa mpaka ulio wazi, kisha kurudi kwa maumivu, kunafanana sana na hali ambayo daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza mwaka 1862, nayo hadi leo huitwa kwa jina lake: mishipa midogo ya vidole hujifunga kupita kiasi inapopatwa na baridi, na hata kwa hofu au wasiwasi. Kwa watu wengi si hatari, ni bughudha tu. Lakini kwa wengine hutokana na maradhi mengine ya mwili, au na mtetemo wa mashine uliodumu kwa miaka, nawe umeshika vishikio vya pikipiki tangu ukiwa kijana mdogo. Kwa kuwa kwako imeshika mkono mmoja tu, sitakubali uondoke bila kuonana na daktari. Mweleze hayo yote kama ulivyonieleza mimi, na msimu ukirejea vipige picha vidole vikiwa vimepauka, kwa sababu ukifika kliniki vitakuwa vimesharudi na hakuna atakayeona kitu, hasa kwenye ngozi zetu nyeusi ambazo hazioneshi rangi kwa urahisi. Zipo dawa za kulegeza mishipa, miongoni mwake zile zile wanazopewa wenye presha, ila zipo dawa nyingine za presha zinazoizidisha hali hii. Usiazime kidonge cha mtu.

Hapo utaelewa kwa nini siwezi kuwaunga mkono wenzako. Sigara huibana mishipa ile ile tunayotaka ifunguke. Miraa nayo huibana, mbali na kwamba Italia huihesabu miongoni mwa dawa za kulevya na ungeweza kupoteza makaratasi ambayo dada yako aliyahangaikia. Kahawa kikombe kimoja haina neno kwa mtu mzima wa afya, lakini kwa mwenye vidole kama vyako ningechagua chai ya tangawizi ndani ya chupa ya thermosi, na huo mkono uliofungwa kwenye kikombe ufaidike pia. Vileo sikukutajia kwa kuwa hukuuliza, ila ukiambiwa kwamba vinapasha joto, fahamu kwamba huleta damu kwenye ngozi na joto likapotea nje upesi zaidi.

Kuhusu kuiacha kazi, daktari akisema ni Raynaud isiyo na maradhi nyuma yake, jaribu msimu mmoja kwa mpangilio huu. Ikiwa hata kwa mifuko ya vishikio na kifua chenye joto vidole bado vinapauka kila usiku, basi omba zamu za mchana au kazi ya ndani ya jiko kuanzia Desemba hadi Februari, na urudi kwenye skuta Machi. Ngozi ikianza kutoa vidonda kwenye ncha, usisubiri msimu uishe.

Kabla hujapanda ndege, wapitie wale wanaouza samaki, umwombe mmoja akuruhusu uweke mkono wenye glavu zako mpya, ukiwa umefungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, katikati ya barafu ya kasha lake kwa dakika kumi huku ukibana na kuachia kama unavyobana breki. Watakucheka, lakini hao ndio watu pekee wa Malindi wanaoijua baridi ya vidole. Mama msalimie sana. Mafuta yake ya nazi na karafuu yapake usiku kwenye ngozi iliyopasuka, yatakufaa. Ila mwombe akutengenezee chupa nyingine isiyo na pilipili, maana pilipili huidanganya ngozi kwamba imepata joto, na utakapojisahau ukafuta jicho ndani ya kofia ngumu, katikati ya barabara, hutakuwa na mkono wala macho.